Barua ya wazi kwa kamati ya klabu yetu, kabla beji hazijachongwa

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa kamati ya utendaji.

Assalaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Walionizidi umri, shikamooni.

Naandika hadharani kwa sababu nimeshaandika faraghani mara mbili, na barua zote mbili zimelala kwenye faili la ofisi, nadhani chini ya ile mihtasari ya vikao ambayo hakuna aisomaye. Jina la klabu sitalitaja. Wanaotujua watatujua huko mbele, na wasiotujua hawana sababu ya kutucheka. Ieleweke pia kwamba sisi si Rotary wala si Lions, vile vilabu vya kimataifa vya kujitolea. Ni klabu ndogo tuliyojiundia wenyewe hapa Tanga, tukaisajili kwa Msajili wa Jumuiya, tukawekeana ada ya elfu tano kwa mwezi, tukaanza na kukarabati madawati. Mabaya nitakayoyasema ni ya kwetu, yasimwangukie jirani.

Kikao kilichopita mlituletea mpango. Kuanzia mwaka ujao kutakuwa na madaraja matatu ya heshima: Dhahabu kwa atakayetoa milioni moja kwa mwaka, Fedha kwa laki tano, Shaba kwa laki mbili. Kila mmoja atavishwa beji, atapewa cheti chenye fremu, na jina lake litaandikwa kwenye ubao utakaotundikwa ukumbini. Hafla ya mwaka itahamia hoteli kubwa zaidi kule Raskazone. Sababu mliyoitoa ni kwamba wafadhili wakishatoa mara moja hawarudi, na wanachama wanapungua. Mkutano mkuu utapiga kura mwezi ujao.

Sababu ni ya kweli, ila dawa ndiyo inayonitia shaka. Watu huuimba mji wetu kwa "waja leo, waondoka leo", nasi wenyewe hucheka, maana tunajua mgeni akishaonja samaki wa Deep Sea na upepo wa Raskazone haondoki tena. Klabuni kwetu mzaha huo umegeuka kweli. Mtu anaingia, analipa kiingilio, anapigwa picha na fulana mpya. Miezi sita baadaye ukimpigia simu anakwambia yuko Muheza kwenye msiba. Kila tukiwa na kikao, Muheza kuna msiba.

Nilikuwa katibu wenu miaka minne, na daftari la mahudhurio nalijua mpaka madoa yake ya chai. Mwezi huu niliazima lile la zamani kwa ruhusa ya katibu wa sasa, nikawa nakaa nalo dukani jioni wateja wakipungua, nikiwapigia waliotoweka mmoja mmoja. Sikuwauliza kwa nini wameacha, maana swali hilo humfanya mtu ajitetee. Niliwauliza ni lini mara ya mwisho walifanya jambo na klabu wakarudi nyumbani moyo mweupe. Wengi walinitajia kazi za mikono: ile Jumapili tuliyopaka chokaa madarasa, siku ya kuzibua mtaro Mabawa mvua za masika zilipotutia aibu, miche tuliyopanda Mikanjuni, ambayo nusu yake ililiwa na mbuzi na bado watu wanaikumbuka kwa furaha. Hafla ilitajwa na mtu mmoja tu, naye hakuitaja kwa furaha. Nitamfikia.

Kwanza niwarudishe kwenye tangi.

Mnalikumbuka. Tangi jeusi la plastiki, lita 5,000, kwenye shule moja ya msingi upande wa Pongwe. Mfadhili alikuwa mtoto wa hapa hapa anayeishi Dar es Salaam. Alilipia tangi, mabomba na jukwaa la zege. Tukamfanyia uzinduzi wa kufana: turubai, spika, mgeni rasmi, utepe, watoto wakaimba juani mpaka sauti zikakauka. Jina lake likaandikwa ubavuni mwa tangi kwa rangi nyekundu, herufi ndefu kama mkono wangu, na chini yake jina la klabu. Kwenye jukwaa tukasimika jiwe la marumaru lenye tarehe na cheo cha mgeni rasmi. Mimi ndiye niliyeshika risiti, kwa hiyo naweza kusema: jiwe lile lilikula fedha ambazo zingenunua koki za shaba nzito, tukabaki na chenji. Tukafunga koki za plastiki.

Koki ya plastiki inayoshikwa na shule nzima haimalizi muhula. Ya kwanza ilivunjika shingo, wakaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ya pili ikawa inazunguka tu bila kufunga, maji yanamwagika mchana kutwa na kutengeneza dimbwi miguuni pa lile jiwe. Mwalimu wa zamu akaamua kufunga maji kutoka juu, na watoto wakarudi kwenye ndoo zao. Tangi likasimama pale, limejaa maji, limejaa jina, na hakuna anywaye.

Simu ilikuja kwangu. Nikaileta kamatini. Kamati ikajibu kwamba ukarabati hauna fungu, kwa kuwa mradi "umeshakabidhiwa". Kwenye kiti cha nyuma siku hiyo alikuwepo mzee mmoja wa Makorora, fundi bomba, mwanachama mwenzetu tangu enzi za madawati. Hakusema neno. Jumamosi akapanda daladala na begi lake la spana akaenda Pongwe. Aliyeniambia ni mwalimu, si yeye. Alinunua koki mbili za shaba kwa fedha yake, na baada ya hapo kila shule ikifunguliwa alikuwa anapita kuzikagua.

Siku moja nilimfuata. Nikamkuta amepiga magoti kwenye tope, ile tepu nyeupe ya mafundi ameing'ata kwa meno, anaizungusha kwenye nyuzi za bomba polepole kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. Watoto wamemzunguka. Mmoja akamuuliza, "Babu, hili tangi ni lako?" Mzee akaelekeza kwa kidevu kule juu kwenye rangi nyekundu: "La yule aliyeandikwa."

Mwisho wa mwaka ule tukafanya hafla. Mzee alilipa tiketi yake kama sisi sote, akavaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama. Alipangiwa meza ya mwisho, mlango wa jikoni ukiwa mgongoni, kila mhudumu akitoka na trei anamgonga kiti. Shukrani zilisomwa kwa muda mrefu, wali ukapoa. Akasomwa mfadhili wa tangi, akasomwa aliyelipia vinywaji, akasomwa aliyetuazima spika. Spika! Wakasomwa waliotuma salamu na hawakuja. Kisha mshereheshaji akafunga karatasi akasema, "na wengine wote ambao hatukuweza kuwataja, tunawashukuru." Mzee akachukua kofia yake mezani, akaivaa, akatoka. Hajarudi mpaka leo.

Ndiye yule niliyesema aliitaja hafla. Nilikwenda nyumbani kwake, akanipa kahawa na kashata, tukazungumza habari za Coastal Union mpaka nikaona haya kuuliza. Mwishowe akaniambia mwenyewe. "Mwanangu, mimi sikwenda kule kutajwa. Lakini niliposikia mimi ni 'na wengine wote', nikasema basi, hao wengine wanatosha."

Sasa hebu mgeukieni mfadhili. Mlisema kamatini kwamba yule bwana amechoka, kwamba watu wa Dar hutoa mara moja wapate picha. Nilimpigia naye. Tangu siku ya utepe hakuna aliyemwambia chochote. Karatasi pekee aliyoipata kutoka kwetu ilikuwa barua ya kumwomba mchango mwingine, na humo ndani tumempachikia picha ile ile ya uzinduzi. Sikukuu ya Idi alikuja nyumbani, akapita shuleni peke yake bila kuaga mtu. Ilikuwa kabla mzee hajabadilisha koki. "Nikakuta jina langu kubwa kuliko mlango wa darasa," akaniambia, "na chini yake mpira wa baiskeli. Dada, ile aibu niliilipia mwenyewe."

Kwa hiyo, ndugu zangu, koki moja ilituondolea mfadhili na mwanachama. Mfadhili hakujua kwamba kuna mzee anayelipigia magoti tangi lake. Angejua, koki za shaba angezinunua yeye na za akiba juu. Mzee naye hakujua kwamba mwenye jina pale juu anaumia kama yeye. Katikati yao tulikuwepo sisi, tumeshika kipaza sauti. Ninyi mnaleta agenda mbili, moja ya kuwaenzi wafadhili, nyingine ya kuwaamsha wanachama, na kila moja na bajeti yake. Mimi naona ni jambo moja, na linafanywa na mtu mmoja mwenye daftari na salio la simu.

Mpango wa madaraja najua umetoka wapi, wala si siri. Mjumbe mmoja alitueleza kwamba vilabu vikubwa duniani ndivyo vifanyavyo. Ni kweli. Rotary wana heshima inayoitwa Paul Harris Fellow, kwa jina la mwanzilishi wao, iliyoanza mwaka 1957. Hupewa mtu ambaye kwa jina lake mfuko wao umepokea dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu. Lions wana Melvin Jones Fellow, nayo ni dola 1,000. Beji zao ni nzuri, nimeziona kwenye makoti ya watu wakubwa.

Lakini tumeona beji, hatukutazama koti. Heshima ile ya Rotary si lazima apewe aliyetoa fedha. Pointi za mchango zinaweza kuelekezwa kwa mtu mwingine, hata asiye mwanachama: klabu inachanga, kisha inamheshimu mkunga, mwalimu, mzee wa mtaa ambaye hajatoa hata senti, ila jasho. Katika mpango wenu kipengele hicho sikukiona. Mchango wa kwanza kabisa wa mfuko wao, mwaka 1918, ulikuwa dola 26 na senti 50 kutoka klabu ya Kansas City. Hesabu ndogo namna hiyo, na zaidi ya miaka mia baadaye bado wanaisimulia kwa majivuno. Kwetu angekuja mtu na hesabu ya namna hiyo angeambiwa hajafika Shaba. Na fedha zao zina njia inayoonekana. Mchango wa mfuko wa mwaka hukaa miaka mitatu ukizalishwa, halafu karibu nusu yake hurudi kwenye eneo la vilabu vilivyochanga, wakaamua wenyewe miradi. Kwenye polio walianza mwaka 1985 na hawakuacha. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Mwanachama aliyetoa dola ishirini miaka hiyo ana la kumwambia mjukuu wake. Sisi tuna nini cha kumwambia yule wa tangi?

Tena na hilo jina lao la Rotary. Tarehe 23 Februari 1905 walikuwa watu wanne tu katika ofisi moja Chicago, kisha wakawa wanakutana kwa kuzunguka, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule. Jina likatoka huko kwenye kuzunguka. Sisi tumeiga beji yao tukaacha mzunguko wao. Vikao vyetu vyote ni hotelini, chai na sambusa kwa bei ya hotelini, na mwenye genge au fundi cherehani ukimwita pale anakaa ncha ya kiti kama aliyekuja kuomba kazi. Kwa nini tusikutane gereji ya mwenzetu kule Chumbageni? Kwa nini tusije kwangu, Ngamiani, dukani, tukae kwenye mabenchi ya barazani, kahawa juu yangu? Mtu akikukaribisha kwake hatasema yuko Muheza.

Yapo mengine ya kujifunza, na haya hayahitaji kuvuka bahari. Mji huu ndio uliolea taarabu ya Black Star na Lucky Star. Wengi wetu tumekulia kwenye kumbi ambako mtu akiguswa huinuka, akaenda mbele akicheza na noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Anaonekana na ukumbi mzima. Mwimbaji anamwitikia kwa macho. Lakini mmewahi kusikia muziki ukasimamishwa mtu atangaze kwamba huyu katoa elfu kumi na yule mia tano? Wote wanapita njia ile ile, mbele ya watu wale wale. Anayetoa anaonekana, kiasi chake hakitangazwi. Wazee wetu walilimaliza hili jambo zamani bila semina.

Au tazameni daftari la msiba. Hapo kiasi kinaandikwa, tena kwa makini, lakini kinaandikwa ili nawe yakikufika tujue namna ya kukusimamia. Na kwenye daftari hilo hilo wameandikwa walioleta kuni, walioazima masufuria, kijana aliyekesha akichimba kaburi. Hakuna msiba ambao aliyechimba kaburi ameitwa "na wengine wote". Kwenye vikoba nako mama wa mihogo ana kitabu chake, kila hisa ina muhuri wake, anaweza kukufungulia akakuonyesha fedha yake ilipo. Ndiyo maana mama huyo huyo anayekosa vikao vyetu hakosi kikoba hata akiwa na homa.

Mimi nikilipa ada ya klabu kwa simu, kampuni ya simu inanijibu papo hapo: imethibitishwa, kiasi kadhaa, saa kadhaa. Klabu yangu hainijibu kitu. Kampuni inanikata makato na kunijibu. Ninyi nawapa sadaka na mnakaa kimya.

Liko na jambo la wasiotaka kuonekana, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa kuwa Tanga tunalijua. Qurani katika Surat al-Baqara inatuambia sadaka ikidhihirishwa ni vyema, ikifichwa na kupelekewa mafukara ni bora zaidi. Na tunaonywa tusiiharibu kwa masimbulizi. Wakristo nao wana yule mjane na sarafu zake mbili. Mfanyabiashara mmoja wa Ngamiani alitupa fedha za viti vya magurudumu, akaniambia kwa mdomo wake: jina langu hapana. Nikaandika kwenye kumbukumbu. Wiki iliyofuata nikakuta bango, sura yake mita mbili, kando ya barabara. Mtu alidhani anamfurahisha. Yeye hakugomba, alimtuma kijana wake na ujumbe mfupi: "Mwambie dada, mimi nilitoa kwa Mungu." Tangu hapo akiniona upande huu wa barabara anavukia ule. Ubao wenu wa ukumbini utaongeza watu wa namna hii. Kabla hamjamwandika mtu, muulizeni. Na picha za watoto na wagonjwa mnazozibandika kwenye mabango, kumbukeni tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata bila sheria, mama wa mtoto yule aliyepigwa picha akipokea viatu ana jina kwao.

Kuna atakayesema huyu mama anapinga fedha. Sipingi. Bila fedha hakuna tangi, na anayetoa milioni moja ametoa milioni moja, hilo halifutwi na hadithi ya koki. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya mji wetu iliuza hatifungani, yaani ilikopa kwa watu kwa ahadi ya kuwarudishia na faida, zikapatikana shilingi bilioni 54.72. Wale walitafuta faida, najua, si sadaka. Lakini walitoa kwa sababu kila mmoja alijua fedha inakwenda kwenye nini, na lini atapata habari zake. Mwenye hela si mgumu kama mnavyomdhania. Anachochoka nacho ni kutoa gizani.

Kwa hiyo ombi langu kwenye mkutano mkuu: kura ya madaraja isipigwe mwezi ujao. Ipigwe mwaka mmoja baadaye, na katikati tujaribu haya.

Tufungue daftari moja, moja tu, la fedha na la mikono kwa pamoja. Ukurasa wa kushoto aliyetoa shilingi, wa kulia aliyetoa siku yake, gari lake, ufundi wake. Msitafsiri siku kuwa shilingi, maana mtaanza kugombana siku ya fundi bomba ni ngapi na ya daktari ni ngapi. Liandikeni tu lilivyo: "alibadilisha koki mbili, Pongwe." Lisomwe lote kila mkutano, kwa mpangilio wa tarehe. Aliyeazima spika atasomwa, lakini zamu yake.

Kila mfadhili apate habari mara tatu. Siku tulipopokea, siku kazi ilipokwisha, na mwaka ukishapita, kitu chake kikoje sasa. Hii ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu itatulazimu twende tukakitazame. Mara nyingine tutakuta kimeharibika na itabidi tumwambie hivyo hivyo. Mwambieni. Nilipomweleza bwana wa Dar habari za koki na za yule mzee, alinyamaza muda nikadhani simu imekatika, kisha akaniuliza mzee anaitwaje.

Na kila mradi uache fungu la ukarabati tangu siku ya kwanza, kabla ya turubai, kabla ya jiwe. Kama fedha haitoshi kwa vyote viwili, jiwe lisubiri. Mweka Hazina, hili liko mikononi mwako na wala halihitaji kura.

Mengine nimeshayasema. Hafla iwepo, tena nzuri. Napenda pilau kama mtu yeyote. Meza zipangwe kwa kura, basi. Mwenyekiti akiangukia mlango wa jikoni atajua trei inavyogonga mgongo.

Nilimuuliza yule mzee kama tukimletea beji atarudi. Aliniangalia kama niliyemwambia tunamletea ngamia.

Lakini koki ya upande wa darasa la tatu imeanza kuvuja tena, na amekubali kuja kuitazama Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa sharti kwamba kipaza sauti kisiwepo. Bwana wa Dar ametuma fedha ya koki nne za shaba na ya rangi. Ameomba jina lake lifutwe pale ubavuni, paandikwe jina la shule. Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika. Kwa hiyo nahitaji mtu mwenye ngazi ndefu, mtu wa kuandika herufi zilizonyooka, na wawili watatu wa kufukia lile dimbwi. Tunakutana mbele ya duka langu saa moja asubuhi, tupande daladala ya Pongwe pamoja. Mwenyekiti, ngazi yako ile ya alumini tunaijua.

Wenu,
mwanachama na katibu wa zamani,
Ngamiani, Tanga